Harufu ya mpira kuungua ndani ya gari: Dereva aanzie wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kishapu

GARI limetoka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, likielekea Kolandoto. Abiria wamebanana na mizigo imejaa nyuma. Kabla ya nusu ya safari, mmoja wao anauliza kama kuna mtu anayechoma mpira huko porini. Dereva anashusha kioo, ananusa, anasema harufu hiyo inatoka nje, kisha anaongeza mwendo.

Uamuzi wa namna hiyo umewagharimu madereva wengi. Mpira wa gari hauungui bila sababu, na katika vijiji vingi vya wilaya hiyo gereji ya kuaminika haiko jirani.

Chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni mkanda wa injini, ambao wengi wanauita mkanda wa feni hata katika magari ambayo feni yake huzungushwa na umeme. Mkanda huo huchukua mzunguko kutoka puli kuu ya injini na kuupeleka kwenye alteneta, kompresa ya kiyoyozi na, katika baadhi ya magari, pampu ya maji. Ukilegea huteleza, na ukiteleza hupata joto na kupiga kelele kali, hasa asubuhi injini inapowashwa. Hali huwa mbaya zaidi pale beringi ya puli mojawapo inapoganda. Puli imesimama, mkanda unaburutwa juu yake. Baada ya muda mfupi mpira hutoa moshi, halafu hukatika.

Kinachofuata kinategemea aina ya gari. Toyota Probox, moja ya magari ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa wameyabatiza jina la michomoko, nyingi zina injini ya 1NZ. Katika injini hiyo mkanda mmoja huzungusha alteneta, kompresa na pampu ya maji kwa pamoja. Ukikatika, taa ya betri huwaka kwenye dashibodi, na wakati huohuo pampu ya maji huwa imesimama. Dereva anayedhani kuwa tatizo ni betri tu, akaamua kujikongoja hadi mjini, anaweza kufika na silinda hedi iliyopinda. Gharama ya kufungua injini na ile ya kununua mkanda hazikaribiani hata kidogo.

Mazingira nayo yana mchango wake. Vumbi la kiangazi hupenya kwenye beringi na kukausha grisi, ilhali udongo mweusi wa mbuga, unaonata kama gundi wakati wa mvua, hugandamana kwenye magurudumu na breki.

Ndiyo maana dereva anayesikia harufu hiyo anapaswa kusimama mahali salama, kuzima injini na kuzunguka gari kabla ya kugusa kitu chochote. Kama harufu ilianza mara tu kiyoyozi kilipowashwa, kompresa yake ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Kama inatoka kwenye gurudumu, asogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania. Pengine handbreki haikuachiwa sawasawa. Gari lililojazwa kupita uwezo wake nalo hushuka hadi tairi likasugua fenda, na alama ya msuguano huonekana wazi. Hapo hakuna fundi anayehitajika, ni kupunguza mzigo.

Wapo wanaoichanganya harufu ya mpira na ile ya klachi, ambayo hutokea gari linapohangaishwa kwenye tope huku mguu ukiwa nusu juu ya pedeli. Wengine hukuta kipande cha kiroba kimeyeyukia kwenye bomba la moshi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilipunguza takataka hizo barabarani, lakini viroba na salfeti havikuguswa. Kipande hicho kiondolewe bomba likishapoa.

Mafuta ya injini yanayovujia kwenye bomba la moto hutoa harufu ya ukali wake, mara nyingi ikiambatana na moshi wa bluu gari likisimama. Mafuta hayohayo yakidondokea mkanda huuharibu. Kufunga mkanda mpya bila kuziba uvujaji ni kununua mwingine baada ya muda si mrefu.

Kwa fundi makini, kubadilisha mkanda huanza na puli. Mkanda ukishatolewa, kila puli huzungushwa kwa mkono. Inayokwaruza, inayotikisika au inayogoma ndiyo mhalifu. Mkanda wenye nyufa au uliong'aa kama kioo haufai kurudishwa. Ile desturi ya kupaka kipande cha sabuni hunyamazisha kelele tu, nayo beringi iliyochoka inabaki ilivyokuwa. Na kama injini imechemka, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe hadi ipoe kabisa.

Harufu isiyotakiwa kusubiri hata dakika moja ni ile ya plastiki inayoungua kutoka nyuma ya dashibodi. Hizo ni nyaya. Mara nyingi chanzo ni redio au taa za ziada zilizounganishwa kiholela, au fyuzi iliyoungua na nafasi yake kuzibwa kwa kipande cha waya ambacho hakikatiki hata nyaya zikishika moto. Abiria wateremshwe kwanza, injini izimwe, na terminali hasi ya betri ifunguliwe iwapo hakuna moshi mzito. Moshi ukitoka chini ya boneti, boneti isifunuliwe yote, kwa kuwa hewa huuchochea moto. Upenyo mdogo wa kuelekezea mtungi wa kuzimia moto unatosha. Mtungi huo, ambao baadhi ya madereva huubeba kwa kuogopa trafiki tu, ukaguliwe mapema kama bado una mgandamizo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.