Akili bandia na daftari ya mishahara

Siye batu ba mine tunaulizanaka: akili bandia inaona wapi siku za kazi za baba? Peke yake haioni. Inatuma ombi kwa seva ya vyombo, njo inafungua daftari. Kanuni ya maongezi hayo, MCP, Anthropic ya Marekani iliitoa Novemba 2024.

Kuko njia mbili. Stdio: seva na programu yenye kuiita viko mu ordinatere moja, intaneti ikikatika bado vinasikilizana (ila akili yenyewe ikikaa Ulaya, inanyamaza). HTTP: seva moja, biro ya Lubumbashi na ya Kipushi zinaiita pamoja. Hapo njo pa kuangalia. Ikiachwa bila ufunguo, hata mupita njia atajua fulani analipwa franga ngapi. Tutamuuliza delege wa sendika: funguo ziko kwa nani?