Mkono Unapokufa Ganzi: Dalili, Vipimo na Tiba ya Mishipa ya Fahamu

Ganzi ya vidole ni tatizo ambalo wakazi wengi wa kata huishi nalo kwa miezi kadhaa kabla ya kufika zahanati. Fundi cherehani huamka usiku wa manane akikung'uta mkono, mkulima hushangaa jembe likimponyoka, na mama huona kikombe kikianguka pasipo sababu. Wengi hudhani ni uchovu, baridi au damu kutotembea vizuri. Dhana hiyo huweza kuwa sahihi kwa ganzi ya mara moja inayotoweka upesi. Hata hivyo, ganzi inayorudi kila usiku, au kidole kinachopungua nguvu, mara nyingi ni ishara ya mshipa wa fahamu uliobanwa au uliojeruhiwa. Mshipa wa namna hiyo ukihudumiwa mapema, aghalabu hupona. Ukicheleweshwa, misuli inayoutegemea hunyauka, na ikishanyauka kwa muda mrefu hairudi tena.

Makala haya yanaeleza jinsi mishipa hiyo inavyofanya kazi, jinsi wataalamu wanavyotambua tatizo, tiba zilizopo na mahali pa kuanzia.

Mishipa mitatu ya mkono

Mishipa ya fahamu si mishipa ya damu. Ile ya damu husambaza hewa na lishe mwilini. Hii ya fahamu hubeba amri kutoka katika ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, kisha hurudisha habari za mguso, joto na maumivu. Mishipa ya mkono huchipuka shingoni, hukutana na kuachana kati ya shingo na kwapa, halafu hushuka mkononi. Mitatu kati yake ndiyo inayoongoza kazi nyingi za kiganja.

Wa kwanza ni mshipa wa mediani. Huingia kiganjani kwa kupitia njia nyembamba katika kifundo cha mkono, yenye mifupa chini na utando mgumu juu. Ndani ya njia hiyo hupita pia kano tisa zinazokunja vidole. Mshipa huu ndio unaohisi kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete.

Wa pili ni mshipa wa ulna. Hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, karibu sana na ngozi. Ndiyo maana kiwiko kikigongwa mahali hapo, mtu huhisi kama amepigwa na umeme hadi kidole cha mwisho. Huhisi kidole hicho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete, na huendesha misuli midogo ya kiganja inayohitajika katika kuzungusha ufunguo, kufunga kifungo na kushika kalamu.

Wa tatu ni mshipa wa radiali, unaouzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma. Kazi yake kubwa ni kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole.

Mambo yanayobana au kujeruhi mishipa hiyo

Mshipa wa mediani hubanwa zaidi kifundoni. Kazi za kukunja kifundo na kukaza vidole kwa muda mrefu, pamoja na zana zenye mtetemo mkali, huongeza uwezekano wa tatizo hilo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hutokea pia katika miezi ya mwisho ya ujauzito, ambapo mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ugonjwa wa baridi yabisi na mfupa wa kifundo uliovunjika huweza kuchangia.

Mshipa wa ulna huumizwa na desturi ya kuegemea viwiko juu ya meza au dirisha la gari, na kwa kulala kiwiko kikiwa kimekunjwa sana. Mshipa huohuo hushambuliwa na ukoma. Mtu mwenye ganzi ya kidole cha mwisho, ambaye pia ana baka la ngozi lisilohisi mguso au lililofifia rangi, anapaswa kupimwa ukoma bila kuchelewa. Ugonjwa huo unatibika kabisa kwa dawa za miezi 6 au 12, ambazo hutolewa bila malipo. Mshipa uliopoteza nguvu kwa muda usiozidi miezi sita huweza kusaidiwa kwa dawa nyingine za kupunguza uvimbe. Kumficha mgonjwa kwa kuogopa maneno ya watu ndiko kunakomletea ulemavu.

Mshipa wa radiali huumia pale mfupa wa mkono wa juu unapovunjika. Huumia pia mtu anapolala usingizi mzito, hasa baada ya kulewa, mkono ukiwa umening'inia juu ya mgongo wa kiti. Anapoamka, kifundo huwa kimelegea na hakiinuki. Magongo ya kutembelea yanayobeba uzito wa mwili kwapani badala ya viganjani huleta hali kama hiyo.

Yapo pia majeraha ya ghafla: panga, kioo au bati linapokata kifundo cha mkono, ajali ya pikipiki inayovuta shingo na bega kwa nguvu, na mtoto mchanga ambaye bega lake lilikwama wakati wa kuzaliwa, kisha mkono wake mmoja ukawa hauchezi kama mwingine.

Jinsi tatizo linavyotambuliwa

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Tabibu humuuliza mgonjwa ni vidole vipi vyenye ganzi, ilianza lini, huzidi saa ngapi na wakati wa kazi ipi. Ganzi ya gumba na vidole viwili vinavyofuata, inayomwamsha mtu usiku, huelekeza kwenye mshipa wa mediani. Ganzi ya kidole cha mwisho huelekeza kwenye ulna. Ganzi inayoanzia shingoni na kushuka mkono mzima huweza kutokana na pingili za shingo.

Kisha hufuata uchunguzi wa mikono. Mgonjwa huombwa kukunja vifundo vyote viwili kwa muda wa dakika moja; ganzi ikijitokeza, ni dalili ya mshipa wa mediani kubanwa. Tabibu huweza pia kugonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya mshipa. Mgonjwa akihisi mchonyoto unaokimbilia vidoleni, mahali palipogongwa hutoa fununu ya eneo lenye tatizo. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1915 na daktari Mfaransa Jules Tinel, aliyewahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na hutumika hadi leo. Nguvu za misuli hupimwa kwa kushindana na mkono wa tabibu au kwa kushikilia karatasi kati ya gumba na kidole cha shahada.

Pale inapohitajika, hupimwa sukari katika damu na kupigwa picha ya eksirei. Katika hospitali kubwa kipo pia kipimo cha umeme wa mishipa, kinachoonyesha mahali ambapo ujumbe unapungua kasi au kukatika, na kiasi ambacho misuli imeathirika.

Madaraja matatu ya jeraha

Mwaka 1943 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Herbert Seddon, aligawanya majeraha ya mishipa ya fahamu katika madaraja matatu, na mgawanyo huo bado huwaongoza matabibu. Katika daraja la kwanza, mshipa umebanwa na ujumbe umesimama, ilhali nyuzi zake hazijakatika. Hali hii hupona yenyewe katika siku au wiki kadhaa, kizuizi kikiondolewa. Katika daraja la pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini ala inayozibeba imebaki. Nyuzi huota upya zikiifuata ala hiyo. Katika daraja la tatu, mshipa wote umekatika, na bila upasuaji hauna njia ya kuungana vema.

Nyuzi zinazoota upya husonga kwa takriban milimita 1 kwa siku. Misuli iliyokosa mshipa wake, kwa upande mwingine, huwa vigumu kuirejesha baada ya miezi 12 hadi 18. Mshipa uliokatika karibu na kwapa una safari ya sentimita 50 hivi hadi kiganjani, yaani siku 500, ambazo ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne. Majeruhi wa namna hiyo akikaa nyumbani miezi sita akingoja mkono uzinduke, nyuzi zinaweza kufika wakati misuli ya kiganja imeshakufa. Kwa sababu hiyo, muda unaopotea kabla ya kumwona tabibu ni sehemu ya jeraha lenyewe.

Tiba

Mshipa uliobanwa bila kudhoofisha misuli hutibiwa kwanza bila upasuaji. Kwa mshipa wa mediani, mgonjwa huvaa banzi linalonyoosha kifundo usiku kwa wiki sita hivi, hupumzika mara kwa mara kazini na hubadili namna ya kushika zana. Sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe huweza kuchomwa kifundoni na mtaalamu. Mwenye kisukari humweleza tabibu mapema, kwani sindano hiyo hupandisha sukari kwa muda. Kwa mshipa wa ulna, kuacha kuegemea kiwiko na kukizungushia taulo usiku ili kisikunjwe huwasaidia wengi.

Dawa za maumivu hazikibanduli kilichoubana mshipa. Vitamini B humfaa mwenye upungufu wa vitamini hiyo, lakini sindano au vidonge vinavyonunuliwa dukani bila ushauri haviwezi kuupanua mlango uliobana, na vitamini B6 ikizidi sana huharibu mishipa yenyewe. Aidha, mkono wenye ganzi usikandwe kwa maji ya moto: mgonjwa anaweza kuungua bila kuhisi. Maji yajaribiwe kwa mkono mzima, na sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene.

Ganzi isipoisha, au misuli ya chini ya kidole gumba ikianza kubonyea, upasuaji wa kuufungua utando wa kifundo hufanyika. Ni upasuaji mdogo, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mshipa uliokatwa na kitu chenye makali huunganishwa kwa nyuzi nyembamba sana, na matokeo huwa bora ukishonwa siku za mwanzo. Pengo likiwa kubwa, hupandikizwa kipande cha mshipa kutoka mguuni. Pale misuli ilipokwisha kufa, daktari huweza kuhamisha kano inayofanya kazi ili ishike nafasi ya ile iliyopooza.

Si kila jeraha huhitaji kisu. Mshipa wa radiali ulioumia pamoja na mfupa uliovunjika bila ngozi kupasuka hurudi wenyewe kwa wagonjwa walio wengi ndani ya miezi michache. Katika kipindi hicho, banzi na mazoezi tiba huzuia viungo visikakamae.

Hali zisizosubiri kesho

Jeraha la kukatwa kifundoni likandamizwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe kituoni mara moja. Hata kama damu imekoma, tabibu aelezwe iwapo kuna kidole kisichohisi au kisichocheza kabla ngozi haijashonwa.

Mtoto aliyevunjika mkono karibu na kiwiko, kwa mfano baada ya kuanguka mwembeni, asifungwe vijiti kwa kukazwa. Kufunga kwa kukaza huzuia damu, na misuli ya mkono huweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Maumivu yanayozidi, vidole vinavyovimba, kupauka au kufa ganzi, na kilio kikali vidole vinaponyooshwa ni dalili za hatari, hata kama mtoto amekwisha kufungwa plasta hospitalini. Arudishwe saa hiyohiyo, mchana au usiku.

Mkono unaolegea ghafla pamoja na mdomo kupinda au maneno kukwama unaashiria kiharusi, na mgonjwa huyo apelekwe hospitalini bila kusubiri.

Mahali pa kuanzia

Mwananchi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako uchunguzi wa mikono, kipimo cha sukari na uchunguzi wa ukoma huweza kuanza. Ikihitajika, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Majeraha magumu hupelekwa katika hospitali za kanda, kama KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Aende na kadi ya bima ya afya ikiwa anayo, orodha ya dawa anazotumia na tarehe ambayo ganzi ilianza. Kwa majeruhi wa ajali, ndugu mmoja ashughulikie fomu ya polisi namba 3 huku wengine wakimwahisha mgonjwa kituoni. Mwajiriwa ambaye tatizo lake limetokana na kazi amjulishe mwajiri mapema, kwani Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua pia magonjwa yanayosababishwa na kazi.

Ganzi iliyodumu zaidi ya wiki mbili, au udhaifu wowote wa vidole hata wa siku moja, unatosha kuwa sababu ya kwenda. Mtu akiwa na shaka, aende. Uchunguzi wa awali wa mkono huchukua dakika chache tu.