Dawa ya mupya ya mapafu: inachunga pumuzi yenye ilibakia, hairudishe yenye ilipotea



Kuko muulizo moja wenye unarudi kila mara ku biro ya sendika. Mwenye kuuliza ni bibi wa mutumikaji wa zamani, ao mutoto wake mukubwa. Anafungua simu, anatuonyesha foto ya boksi ya dawa yenye ndugu yao wa Ulaya ao wa Afrika ya Kusini aliwatumia. Anataka kujua kama ni kweli dawa ile inaponyesha silikozi, na kama inafaa wauze parsele juu ya kuinunua.

Muulizo ule hauko wa kuchezea. Kwa familia mingi ya watu wa mine, parsele njo kitu cha mwisho chenye kinabakia kisha pansheni kukawia. Miye siko munganga. Niko mutu wa sendika. Lakini habari ya dawa hizi ilikwisha kutangazwa, na wagonjwa wa inchi zingine wamezikunywa miaka na miaka. Ni muzuri tujue ile wameona, mbele hatujatoa feza.

Ni dawa gani

Ziko mbili zenye zinasemwa sana. Ya kwanza inaitwa pirfenidoni. Japani iliikubali mu 2008, Ulaya mu 2011, Marekani mu 2014. Ya pili ni nintedanibu. Ku boksi utaona wameandika nintedanib, bila u ya mwisho. Hii Marekani iliikubali mu 2014 na Ulaya mu 2015. Zote mbili zinapewa juu ya ugonjwa wenye unaitwa fibrozi ya mapafu.

Fibrozi ni nini? Pafu la muzima liko kama sponje: linafunguka, linafungika. Vumbi ya silisi, ile ya mawe yenye tunatoboa na kuponda, ikiingia mpaka ndani kabisa, haitoke tena. Mwili unapigana nayo, kisha unafunika fasi ile na kovu. Kovu juu ya kovu, sponje inakauka sawa ngozi ya kiatu cha zamani. Na kitu chenye wengi hawajue: hata mutu akiacha kazi, kovu linaweza kuendelea kukomaa. Njo maana muzee anaweza kuanza kukosa pumuzi miaka mingi kisha kutoka mu mine.

Kuna fibrozi ya vumbi, kuna fibrozi ya magonjwa mengine, na kuna yenye sababu yake haijulikane. Ni kwa hii ya mwisho dawa zile zilipimwa kwanza.

Kopo moja ya chai kila mwaka

Mu 2019 walitangaza pimo moja kubwa ya nintedanibu. Walichukua wagonjwa 663 wa inchi 15, wenye fibrozi ya aina mbalimbali yenye ilikuwa inaendelea kuharibika. Wamoja walipewa dawa, wengine walipewa kinini chenye hakina dawa ndani, bila kujua nani amepata nini. Kisha mwaka moja wakapima pumuzi yao na mashini ya kupuliza.

Wale wa kinini cha bure walikuwa wamepoteza karibu mililitri 188 ya pumuzi. Hiyo ni karibu kopo moja ya chai. Wale wa dawa walikuwa wamepoteza karibu mililitri 81, haifike hata nusu ya kopo. Juu ya ile, mu 2020 Marekani na Ulaya wakakubali dawa hii kwa fibrozi yoyote ya mapafu yenye inaendelea, hapana tena kwa aina moja tu.

Angalieni muzuri hesabu ile. Kwa jumla, hata wenye kukunywa dawa walipoteza pumuzi. Walipoteza pole pole zaidi. Dawa haikufuta kovu, haikurudisha mutu ku nguvu ya miaka 25. Ni sawa frein ya kamio yenye inatelemuka mu mulima: kamio inaendelea kushuka, lakini haikimbie.

Kuishi nayo miaka

Hapa njo pa kusikiliza sana, juu ku boksi hawaandike maisha ya kila siku.

Shida ya kwanza iko mu tumbo. Katika pimo ile ya 2019, kwa watu 100 wenye kukunywa nintedanibu, karibu 67 walihara. Kwa wale wa kinini cha bure, ni karibu 24. Kuhara kwenyewe hakuko kwa siku moja. Kwa wengine kunaenda na kunarudi, mwezi kwa mwezi. Kunakuja pia kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, na kilo zinashuka. Mu kambi fasi choo kiko inje na nyumba tatu zinakitumia, na maji inatoka mara moja kwa siku, hiyo haiko kitu kidogo. Na mutu akikonda, majirani wanaanza kusema yao.

Wanganga wanajua hiyo. Wanatoa dawa ya kufunga tumbo, wanapunguza kipimo kutoka miligrami 150 mpaka 100, ao wanasimamisha siku kidogo kisha wanaanza tena. Wagonjwa wengi wanaendelea namna ile. Wengine wanachoka, wanaacha.

Ya pili ni chakula. Nintedanibu inakunywewa mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Pirfenidoni, mara tatu kwa siku, pia na chakula. Kwetu, nyumba ngapi zinakulanga mara moja tu, mangaribi?

Ya tatu ni damu na ini. Dawa zote mbili zinaweza kuharibu ini, kwa hiyo inaomba kupima damu mara kwa mara, zaidi sana mu miezi ya kwanza. Nintedanibu inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Mutu mwenye anakunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi anapaswa kuambia munganga. Haipewe mwanamuke mwenye mimba. Pirfenidoni nayo inafanya ngozi iunguzwe na jua haraka: kofia, mikono mirefu, na kujificha ku kivuli. Na sigara inapunguza nguvu ya dawa zote mbili mu damu. Mutu mwenye anavuta na anakunywa dawa hizi anatupa feza yake.

Lakini shida ya ine njo inashinda zote: mugonjwa hasikie nafuu. Dawa ya malaria, unaikunywa, siku ya tatu umesimama, bibi anaona, wewe mwenyewe unajua imekusaidia. Hii haiko vile. Asubui unasikia tumbo, mangaribi unasikia tumbo, na pumuzi iko ile ile, ao imepungua kidogo. Kazi ya dawa ni kile chenye hakikufika: mwaka wenye haukuanguka sana, ngazi yenye ungali unapanda. Kitu chenye hakikufika hakionekane na macho. Ni mashini ya kupuliza tu inaweza kukionyesha, na inaomba kupuliza kila kisha miezi kidogo juu ya kulinganisha.

Wagonjwa zaidi ya 700 wenye walikuwa mu mapimo ya kwanza ya nintedanibu walikubali kuendelea na kufuatiliwa. Wamoja walipita miaka 5. Ile wanganga waliona: breki iliendelea kukamata, na hakukutokea hatari ya mupya yenye haikujulikana. Lakini pumuzi iliendelea kushuka pole pole, na kuhara ilibakia shida ya kwanza.

Na silikozi yetu?

Hapa tuseme ukweli. Wengi katika wale 663 hawakuwa watu wa mine. Kwa silikozi yenyewe, vipimo vingali vidogo. Munganga wa mapafu anaweza kuiandika kwa mutu mwenye silikozi yake inaendelea haraka, kisha skaneri na kupuliza. Ile ni kazi yake. Lakini mutu mwenye anakuambia "hii inaponyesha silikozi", awe ku farmasi, awe ku simu, anauza. Mpaka leo hakuna dawa yenye inatosha silisi mu mapafu.

Tena kuna bei. Mu Marekani, mu 2024, bei ya nintedanibu ilikuwa inapita dola 100 000 kwa mwaka. Uhindi inatengeneza yenye jina lingine kwa bei ya chini sana, na njo ile inazungukanga mu foto za simu. Lakini hata ile ya bei ya chini, inakunywewa kila siku, kila mwezi, mpaka mwisho, na kupima damu juu. Fanya hesabu mu nyumba, na kalamu. Parsele inauzwa mara moja. Feza yake itatosha miezi ngapi? Na siku itaisha, dawa inasimama, kovu linaendelea, na bibi na batoto wako mu nyumba ya kupanga. Kwa miye, jibu ni: parsele ibakie.

Mbele ya kutoa feza

Kuna vitu vyenye vinasaidia na haviombe kuuza nyumba.

Kwanza, tuberkilozi. Mutu mwenye silikozi anaweza kupata tuberkilozi mara 3 ao zaidi kuliko mutu mwengine. Akikohola zaidi ya wiki mbili, akikonda, akitoa jasho usiku, wasiseme "ni vumbi ya kazi tu". Aende ku sentre ya afya watu wapime makohozi. Mu inchi yetu kupima na dawa ya tuberkilozi ni bure, na kwa ile ya kawaida dawa inakamata miezi 6. Hii inapona. Kufa na ugonjwa wenye unapona, sababu tulikuwa tunatafuta dawa ya ugonjwa wenye haupone, ni hasara kubwa.

Pili, pompe ya kuvuta na kinywa. Haiondoe kovu, lakini mutu mwenye mirija ya pumuzi imefungana inaweza kumufungulia. Inaomba kufundishwa namna ya kuivuta. Wengi wanapiga ku ulimi tu na dawa haifike.

Tatu, kuacha sigara, kutembea kila siku kwa kipimo cha nguvu, na kuweka mbabula ya makala inje, hapana mu chumba fasi mugonjwa analala.

Ine, kuchunga na deksametazone ya ku soko. Inaleta hamu ya chakula, mutu ananenepa, anasikia sawa amepona. Lakini ikikunywewa ovyo inavunja nguvu ya mwili ya kupigana, na tuberkilozi yenye ilikuwa imelala inaamuka.

Breki ya kweli iko ku mulango wa mine

Dawa inakamata kamio ikiwa tayari inatelemuka. Kazi yetu ya sendika ni isianze kutelemuka. Na namna yake haiko ya kutafuta: mu 1930 wanganga wa inchi mingi walikutana Johannesburg juu ya silikozi tu. Karibu miaka 100 watu wanajua. Kutoboa mwamba na maji, kumwangilia ku konkaseri na mu njia za kamio, kufungua hewa mu galeri, na maske ya FFP2 ao FFP3. Kitambaa ao maske ya hospitali haisimamishe vumbi ndogo ile. Wandugu krezeri, wenye hawana patron, waulize koperative yao maji na maske mbele ya kugawanya faida.

Kwa wenye kuwa na patron, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016 inaweka magonjwa ya kazi pamoja na aksida za kazi katika hatari zenye CNSS inapaswa kusimamia. Haki iko. Yenye inakosanga ni ushuhuda.

Angalieni jirani zetu wa Afrika ya Kusini. Wachimbaji wa zamani wa zahabu, wenye silikozi na tuberkilozi, walishitaki kompani zao pamoja. Mu mwezi wa 7 wa 2019, tribinali ya Johannesburg ilikubali mapatano ya karibu randi miliari 5, kwa wagonjwa na kwa familia za wale walikufa. Juu ya kulipwa, kazi ya mutu mu mine ilipaswa kuhakikishwa: alitumika wapi, miaka ngapi, na kazi gani.

Kwa hiyo, leo, mu nyumba yenu, tafuteni anvelope moja yenye nguvu. Wekeni ndani kontra ya kazi, bileti za mushahara, karte ya CNSS ao ya zamani ya INSS, radio za kifua zote hata zile za zamani, na karatasi ya kila kupuliza. Mukiacha kazi, ombeni radio ya mwisho mbele ya kusaini. Kama kompani inakatala kuitoa, mutuambie mbele hamujasaini, hapana kisha. Mutu mwenye ugonjwa wake haukuandikwa fasi yoyote hana namna ya kuomba dawa, wala malipo, na bibi yake atakuwa na kilio tu cha kuonyesha ku biro.