Nesi Asomaye Ahitaji Msaada wa Nyumbani

Wengi wenu wasomaji mna mtoto aliye nesi mjini Nairobi. Labda mwadhani ya kuwa, maadamu ana mshahara, hana taabu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, nakaa Makadara, mitaa ya Eastlands, na jirani yangu ni nesi. Yafaa niwaeleze niliyoyaona.

Alfajiri, watu wanapokwenda kazini kwa Barabara ya Jogoo, yeye ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku. Huwavika watoto sare, huwapa chai, ndipo alale. Saa nane huamka, akapika, akafungua vitabu, kwa maana anasomea diploma. Jioni yuko njiani tena.

Kazi yenyewe si ndogo. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, na ile ya Mama Lucy Kibaki huko Embakasi, hupokea wagonjwa wa mitaa hii usiku na mchana. Nesi aliyechoka aweza kukosea kipimo cha dawa, na kosa hilo si kama mche uliokauka, ambao utapandwa mwingine mvua ijayo.

Hata hivyo, asiyesoma hapandi daraja. Zamani nesi wa cheti aliyetaka diploma ilimbidi aache kazi aende chuoni. Mwaka 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo ya kompyuta, ili manesi wasome bila kuacha wadi. Msaada huo ulikuwa mkubwa. Lakini kompyuta haiongezi saa za siku. Saa za kusoma hutolewa katika usingizi, au kwa watoto.

Basi tufanyeje?

Kwanza, nesi ajue haki zake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Mama aliyejifungua hupata miezi mitatu kwa mshahara kamili.

Pili, mume asaidie. Mume wa jirani yangu ni fundi wa magari. Siku hizi ndiye awapaye watoto chai na kuwapeleka shule. Mkewe amepata saa mbili zaidi za kulala, na mtihani uliomshinda mara ya kwanza amekwisha kuufaulu. Heshima ya bwana yule haikupungua hata kidogo.

Tatu, ninyi wazazi mlioko mashambani. Kabla ya kumwomba fedha za mbolea, mwulizeni mtihani wake ni lini. Mkivuna, mpelekeeni mahindi na maharagwe, apunguziwe gharama. Wakati wa likizo ya shule, wachukueni wajukuu.

Mkulima ajua ya kuwa shamba lilimwalo kila msimu bila kupumzishwa huchoka. Je, mwanadamu?