Gesi ya Jiko la Makaa Yaweza Kuwa Petroli

Baridi ya Nkubu huwafanya wengine walale na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa. Hatari yake ni kubwa. Makaa yakosayo hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, iuayo mtu usingizini. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala.

Walakini gesi hiyo hiyo hugeuzwa mafuta. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch, walivumbua njia yake. Makaa ya mawe huchomwa kwa oksijeni kidogo na mvuke wa maji, yakatoa monoksidi ya kaboni na haidrojeni. Gesi hizo husafishwa kwanza, kwa maana salfa huharibu kazi yote. Kisha husukumwa zipite penye chuma au kobalti yenye joto. Hapo huungana zikawa petroli, dizeli, hata nta. Na maji hutoka pia.

Afrika Kusini, yenye makaa ya mawe tele na mafuta haba, ilianza kazi hiyo Sasolburg mwaka 1955. Kiwanda cha namna hiyo hugharimu fedha nyingi mno, ndiyo maana nchi nyingi huona nafuu kununua mafuta ya visimani, kama hayo yafikayo Nkubu kutoka Mombasa.