Nani Analipia Bando la Bure?

Mwaka jana nikiwa fildi niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya nyumbani: watafute kwenye intaneti maelezo mafupi ya Vita vya Maji Maji, waje nayo kesho. Wengi wanatumia simu za wazazi, nikaona si kazi kubwa. Asubuhi kijana mmoja, tena mwenye akili, akanionyesha ujumbe alioutoa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wao. Haukuwa na mwandishi, na vita ilikuwa imepigwa mwaka 1950! Nikamuuliza kwa nini hakuingia Google. Akanijibu, "Mwalimu, simu ya mama ina bando la WhatsApp tu."

Darasa lilicheka, na mimi nilicheka. Lakini jibu lile limenikaa kichwani mpaka leo, na ndiyo sababu naandika haya.

Wanachuo wenzangu, hebu tuanze na hela. Karibu mapato yote ya Meta, wenye Facebook na WhatsApp, yanatokana na matangazo. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023, mtumiaji mmoja wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia kampuni zaidi ya dola 60. Sisi wa Afrika, tuliowekwa fungu moja na Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati, hatukufikisha hata dola 10 kwa kichwa. Sasa wanatutakia nini? Jibu ni kwamba kule kwao karibu kila mtu ameshaingia. Watu ambao bado hawajaingia wako huku, na wengi ni vijana. Anayewahi kuwazoesha leo atawakuta wakiwa na mishahara kesho.

Njia ya kwanza ya kuwazoesha ni kutoa bure. Mwaka 2013 Facebook ilianzisha mradi wa Internet.org. Mwaka 2014 ukafika Zambia kupitia Airtel, kisha Oktoba mwaka huohuo ukaingia Tanzania kupitia Tigo, na Kenya ikafuata. Baadaye ukaitwa Free Basics. Ulipokuwa na laini ya mtandao husika, ulifungua huduma chache zilizochaguliwa bila kukatwa hata senti: Facebook yenyewe, hali ya hewa, matangazo ya kazi, masuala ya afya. Zambia waliwekewa hata Google, ila kwa namna ya kuchekesha kidogo: unatafuta bure na kuona orodha ya majibu, lakini ukibonyeza jibu lenyewe, unaambiwa ununue bando. Ni kama kuoneshwa menyu ya kantini boom likiwa halijatoka.

Nisiwe mchoyo wa haki. Mtu asiye na vocha kupata taarifa za afya ni jambo jema, na wapo waliogusa intaneti mara ya kwanza kwa njia hiyo. Ila swali la Wahindi lilikuwa zito: nani anachagua kipi kiwe bure? Ukianzisha tovuti yako ya kufundishia hisabati, utashindanaje na kitu kisichokatwa bando? Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya India ikapiga marufuku kutoza bei tofauti za data kulingana na kinachofunguliwa, na Free Basics ikafungasha virago huko. Huku kwetu mjadala wa namna hiyo sikumbuki kuusikia, labda kwa kuwa nilikuwa shule ya msingi.

Njia ya pili ni kujenga barabara yenyewe. Nyaya za baharini zilianza kufika pwani yetu mwaka 2009, na zilijengwa zaidi na wafanyabiashara wa mawasiliano. Siku hizi wenye programu ndio wanalaza nyaya. Mwaka 2020 Facebook na wenzake walitangaza 2Africa, unaozunguka bara zima, na Mombasa na Dar es Salaam zimo. Google nao wana Equiano upande wa magharibi. Faida kwetu ipo wazi, kwani njia zikiongezeka intaneti haizimiki ovyo. Lakini mwenye duka sasa anamiliki na barabara ya kwenda dukani.

Na wapo wanaoingia kwa kujifunza mila za mwenyeji. Uber walipofika Dar mwaka 2016 ilibidi wapokee pesa taslimu, na mwaka 2018 wakaleta bajaji wakaiita uberPOA. Aprili 2022 walisimamisha huduma baada ya LATRA kuweka kikomo cha asilimia 15 kwenye kamisheni, wakarudi Januari 2023 mamlaka ilipolegeza. Hapo nilijifunza kwamba masharti yanajadilika, mradi kuna mtu wa kuyaweka.

Kwenye shule sijui nani anayaweka. Mwaka huu narudi fildi, na nimeshapakua Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, inayosomeka bila bando lolote. Nimeiweka kwenye flashi. Nilimpigia mwalimu mkuu kuuliza kama shule ina kompyuta. Akasema ipo moja, iko kwa mhasibu, nikifika tutaongea.