Kabla ya jina la chuo, tuulize msimamizi

Kijana anapotaka kusomea shahada ya uzamili ya Kiswahili au historia, wazazi wengi huuliza kwanza: chuo hicho kina jina? Ndugu wasomaji, shahada hiyo hukamilika kwa tasnifu, na tasnifu husimama juu ya msimamizi na marejeo.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Si kikubwa kama cha Dar es Salaam, lakini hutoa uzamili wa Kiswahili miongoni mwa wenye lugha. Mjini humo humo, Kilimani, zipo Nyaraka za Taifa, ambazo mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Kwa anayetafiti maulamaa wa pwani, hiyo ni neema kubwa.

Hata hivyo, udogo wa chuo chochote una mtihani wake. Penye wahadhiri wachache, akihama mmoja, mwanafunzi huweza kubaki na sura mbili za tasnifu zisizo na msomaji, ilhali ada ya familia imekwisha kulipwa.

Basi kabla ya kulipa, tuhakikishe masomo hayo yana idhini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tuulize nani atamsimamia kijana wetu, anasimamia wangapi, na akiondoka nani atashika nafasi yake. Kisha tuswali istikhara. Nayo haituondolei wajibu wa kuuliza.